Mhadhiri na Siasa za Vyama (Sehemu ya Pili): Mipaka ya Sheria nchini Kenya

Mfanyakazi wa chuo kikuu cha umma nchini Kenya, awe profesa, karani wa masjala au bawabu, ni afisa wa umma mbele ya sheria. Cheo si hoja. Hoja ni mshahara unatoka wapi. Kifungu cha 260 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaihesabu kuwa ya umma kila nafasi ya utumishi inayolipwa kwa fedha zilizotolewa na Bunge. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ilikuwa imevitaja vyuo vikuu vya umma waziwazi, ikamjumuisha hata kibarua wa muda.

Kuhusu vyama, Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya mwaka 2011 inamkataza afisa huyo kuwa mwanachama mwanzilishi, kushika wadhifa chamani, au kutangaza hadharani kwamba anamuunga mkono au kumpinga mgombea fulani. Uanachama wa kawaida haumo katika makatazo hayo.

Anayetaka kugombea kiti hana budi kujiuzulu angalau miezi sita kabla ya uchaguzi, kwa mujibu wa Kifungu cha 43 cha Sheria ya Uchaguzi. Kujiuzulu, si kuomba likizo. Rais, magavana, wabunge na madiwani wamesamehewa sharti hilo, na hapo ndipo manung'uniko yalipoanzia: mbunge anapiga kampeni huku akilipwa, mhadhiri anayemkabili hana kazi tena. Mwaka 2017 Mahakama ya Leba mjini Kericho iliyakubali malalamiko hayo na kulibatilisha sharti lenyewe. Mahakama ya Rufaa ililirejesha tarehe 8 Februari 2022, siku moja tu kabla ya makataa ya uchaguzi wa 9 Agosti.

Utata mkubwa uko kwenye kauli. Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 33, inalinda uhuru wa taaluma na wa utafiti. Mhadhiri wa sayansi ya siasa anayechambua ilani za vyama darasani au redioni anafanya kazi yake. Akipanda jukwaani kumwombea mtu kura, amevuka mpaka. Lakini yule ambaye uchambuzi wake humlaumu mgombea mmoja kila wiki awekwe wapi? Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya mwaka 2012 inakataza hata shughuli ya kisiasa inayoweza kuonekana tu kuwa inaathiri kutoegemea upande kwa ofisi, maneno yanayomwachia mwajiri nafasi pana kupita kiasi.

Shughuli za chama cha wafanyakazi ni suala jingine. Serikali ya Moi ilipiga marufuku chama cha wahadhiri mwaka 1980, na chama chao cha sasa, UASU, kikasajiliwa mwaka 2003. Leo Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi na kugoma. Kiongozi wa chama hicho akiidai serikali nyongeza ya mishahara mkutanoni hajakosea. Akitumia mkutano huo huo kumnadi mgombea, anarudi chini ya makatazo yale yale.