Mikrobe wanaolinda kizazi cha mama

Baba mfanyakazi, soma ukurasa huu pamoja na bibi yako.

Tumezoea kusema kwamba kila mikrobe ni adui. Sivyo. Katika uke wa mwanamke mwenye afya mara nyingi wanakaa mikrobe wema, jina lao laktobasili. Munganga Mjerumani, Albert Döderlein, aliwaeleza mwaka 1892. Wanatengeneza uchachu, kama ule wa maziwa yaliyoganda, na uchachu huo unawazuia mikrobe wabaya. Ni kama walinzi wa mlango wa kampani: ukiwaondoa, wezi wanaingia.

Walinzi hao wakipungua, unakuja ugonjwa unaoitwa vajinosi. Alama zake ni majimaji mepesi ya kijivu na harufu kama ya samaki. Lakini wanawake wengi hawasikii kitu. Mikrobe wabaya wanaweza kupanda mpaka kizazini. Hapo mimba inaweza kutoka, au mtoto kuzaliwa mbele ya wakati. Tena virusi vya UKIMWI vinapata njia nyepesi.

Jambo hili si la mbali. Uchunguzi juu ya wanawake 533 wenye mimba hapa Bukavu, uliotangazwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba zaidi ya 1 kati ya 4 walikuwa na ugonjwa huo.

Mama, shika haya:

— Osha nje tu, kwa maji safi. Usiingize ndani sabuni, ndimu, majani wala unga wa kukausha. Unawafukuza walinzi.

— Ukiwa na mimba, anza konsultasio mapema.

— Ukiona alama, nenda kwa munganga. Usijitibu kwa vidonge vya sokoni. Ukipewa dawa, maliza siku zote, hata ukisikia nafuu.

Na wewe baba, usimwite bibi yako mchafu, wala usimshitaki uzinzi. Mikrobe hao wanaweza kukaa kwako bila maumivu. Uchunguzi wa Australia, mwaka 2025, ulionyesha hivi: bibi akitibiwa peke yake, ugonjwa ulirudi kwa wanawake 63 kati ya 100 ndani ya majuma 12. Bwana naye akipewa vidonge na pomada, ulirudi kwa 35 tu.

Basi usimtume bibi peke yake. Mwende wawili, mmuulize munganga. Ugonjwa huu una dawa.