Dhahabu Iliyopimwa na Dhahabu Inayokisiwa

Dhahabu inayotoka Manguredjipa na machimbo mengine ya wilaya ya Lubero hupimwa kwa makini kwenye mizani ya wanunuzi wa Butembo, ambako hata sehemu ya kumi ya gramu hubishaniwa. Lakini kiasi kilichobaki chini ya ardhi, ambacho ndicho kitakachoamua mustakabali wa vijiji vinavyoishi kwa uchimbaji, kwa kawaida hukisiwa kwa macho na uzoefu tu. Kukadiria kiasi hicho ni elimu yenye kanuni zake, na mkazi wa Butembo au Beni anastahili kuijua.

Kazi huanza kwa uchorongaji, yaani kutoboa mwamba kwa mashine yenye ncha ya almasi ambayo hutoa kipande kirefu cha mviringo, unene wake kama wa mkono wa mtu. Kipande hicho hupasuliwa kwa msumeno katikati: nusu moja husagwa na kupelekwa maabara, nusu ya pili huhifadhiwa sandukuni ikiwa na namba ya shimo na kina chake, ili yeyote mwenye shaka aweze kupima tena. Tahadhari hii si ya bure. Kampuni ya Bre-X ya Kanada, iliyodai kugundua dhahabu nyingi mno Busang, Indonesia, ilisaga vipande vizima bila kubakiza nusu, na ilipofika mwaka 1997 ikabainika kwamba sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka nje.

Hesabu yenyewe ni rahisi kuieleza. Tuseme tabaka la mwamba lina urefu wa mita 100, upana wa mita 50 na unene wa mita 4, na kila mita moja ya ujazo ina uzito wa tani 2.7, hapo pana tani 54,000 za mawe, na ikiwa kila tani ina gramu 3, jumla ni kilo 162 za dhahabu. Ugumu uko kwenye hizo gramu 3. Dhahabu haitawanyiki kwa usawa, hivyo mashimo mawili yaliyo karibu yanaweza kutoa majibu yanayopingana, na ndiyo maana mhandisi Danie Krige wa Afrika Kusini alibuni katika miaka ya 1950 njia ya kitakwimu ya kuipa kila sampuli uzito wake kulingana na umbali, njia ambayo Mfaransa Georges Matheron aliikuza kinadharia.

Kadiri mashimo yanavyosogeleana ndivyo uhakika unavyoongezeka, na rasilimali hupanda daraja kutoka ya kukisiwa hadi iliyoashiriwa, kisha iliyopimwa. Hata hivyo, rasilimali haiitwi akiba mpaka ithibitike kwamba inaweza kuchimbwa kwa faida na kwa mujibu wa sheria. Hapo huwa akiba yamkini au akiba iliyothibitishwa. Mgodi wa Kibali, mkoani Haut-Uele, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2013, hutangaza takwimu zake upya kila mwaka, kwa kuwa akiba hupungua kwa kuchimbwa, huongezeka kwa uchorongaji mpya, na hubadilika pamoja na bei.

Hapa ndipo hali ya Beni na Lubero inapoumiza zaidi, kwa maana barabara mbovu na mashambulizi ya waasi wa ADF hupunguza akiba bila kugusa hata jiwe moja: mahali ambapo mchorongaji hawezi kufika salama, dhahabu hubaki ya kukisiwa. Sheria ya madini ya Kongo, iliyorekebishwa mwaka 2018, inaruhusu Waziri kutenga maeneo ya wachimbaji wadogo pale ambapo uchimbaji wa viwandani hauwezekani kiufundi na kiuchumi, na inawataka wachimbaji hao wajiunge katika vyama vya ushirika. Uamuzi wa namna hiyo unahitaji vipimo, na wanaushirika hawana sababu ya kuwaachia wageni peke yao kazi ya kuvitafuta. Hata mashimo mafupi yaliyochimbwa kwa umbali sawa, na sampuli zilizoandikwa namba na kupelekwa maabara, yangewapa kitu cha kuweka mezani kabla eneo lao halijatolewa kwa mwingine.