Marafiki Kumi Katika Mji wa Milano



Kila mwaka vijana wetu huaga wazazi na kushika njia ya mjini. Huko hupanga chumba wawili watatu, huchangia kodi na unga, na baada ya muda huulizana: kwa nini tusiishi pamoja daima kama ndugu, badala ya kila mmoja kuhangaika peke yake? Wazo hilo ni jema, wala si geni. Mtakatifu Augustino alilijaribu, likamvunjikia mikononi.

Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika nchi iitwayo leo Aljeria, alifika Milano mwaka 384 kufundisha ufasaha wa kusema. Alikuwa hajabatizwa. Mji ule ulikuwa makao ya Kaisari, na Mwafrika huyu alichekwa humo hata kwa matamshi yake. Faraja yake ilikuwa marafiki: Alypius wa kwao, Nebridius, aliyeacha shamba zuri la baba yake karibu na Karthago ili tu akae naye, na Romanianus, tajiri wa Thagaste, aliyeletwa na shughuli nzito za kwake.

Walikuwa kama kumi. Wakapatana kuweka mali zote katika mfuko mmoja, kisiwepo cha huyu wala cha yule. Kila mwaka wawili wangechaguliwa kuangalia mahitaji ya nyumba, na wengine wangebaki na utulivu wa kutafuta hekima. Romanianus, mwenye mali kuliko wote, ndiye aliyehimiza zaidi. Tukiri kwamba parokia nyingi hazina utaratibu wa fedha ulio wazi hivyo.

Ndipo likazuka swali: je, wake watakubali? Baadhi yao walikwisha kuoa, na Augustino mwenyewe alitazamia kuoa. Hapo shauri lote likaanguka. Anayesoma kwa haraka habari hii katika kitabu cha sita cha Maungamo aweza kudhani kwamba wanawake ndio walioivunja jumuiya. Sisi hatuoni hivyo. Hatusomi mahali popote humo kwamba waliulizwa. Wanaume walikwisha kugawa mali na kazi. Wakawakumbuka wake mwishoni, tena kama kikwazo.

Kwa hiyo, ndugu makatekista, vijana wakiwajia na shauri la namna hii, msianze na daftari la michango. Waulizeni ni nani hayupo kikaoni, naye ndiye atakayepika, atakayeamka usiku mtoto akilia, au atakayebaki kijijini akingoja fedha ya matumizi. Mwenye mke mkoani ampigie simu, asikie neno lake kabla kodi haijalipwa.

Muda si mrefu baada ya shauri lile kuanguka, mwanamke aliyeishi na Augustino miaka mingi, aliyemzalia mwanawe Adeodatus, alirudishwa Afrika kwa sababu ya ndoa iliyokuwa ikipangwa. Augustino anakiri kwamba moyo wake ulitoka damu. Jina la mama yule hakuliandika. Akabatizwa Pasaka ya mwaka 387, pamoja na Alypius na Adeodatus. Mwaka 388 akarudi Thagaste, akaanza upya maisha ya pamoja na marafiki wachache, na safari hii yakadumu. Adeodatus alikuwa pamoja nao, akafariki angali kijana.