Mfumo Jumuishi wa Kompyuta katika Vyama vya Msingi vya Korosho: Suala la Kipimo cha Kwanza Masasi na Newala

Katika biashara, mfumo jumuishi wa kompyuta ni programu inayounganisha manunuzi, ghala, mauzo, uhasibu na malipo katika kanzidata moja, ili taarifa iliyoandikwa mara moja itumiwe na idara zote. Katika uwanda wa Makonde, shughuli inayouhitaji zaidi mfumo wa namna hiyo ni ya chama cha msingi cha ushirika kinachokusanya korosho ghafi. Vyama vya Newala, kata ya Mnyambe ikiwemo, huuza kupitia chama kikuu cha TANECU. Vya Masasi huuza kupitia MAMCU.

Tangu msimu wa 2007/2008, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika katika zao hili, korosho hupita mikono mingi kabla ya kugeuka fedha. Hupimwa chamani na mkulima hupewa stakabadhi. Husafirishwa hadi ghala kuu, ambako hupimwa tena na kukaguliwa ubora. Kisha huingia mnadani. Mnunuzi akishalipa, makato huondolewa na salio hupelekwa katika akaunti ya mkulima. Kwa miaka mingi kila hatua ilikuwa na daftari lake. Hivi sasa Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (MUVU), na katika msimu wa 2024/2025 minada ya korosho ilianza kuendeshwa kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX).

Ugumu unaanzia kwenye mizani. Korosho iliyoanikwa haraka huendelea kupoteza maji ghalani, na uzito hupungua; wenyewe huita unyaufu. Tuchukulie kwamba chama kimepokea kilo 1,000 na ghala kuu likasoma kilo 985. Katika madaftari, kilo hizo 15 huweza kubaki zimefichika hadi hesabu za mwisho wa msimu, ambapo hasara huangukia chama au wakulima wote kwa pamoja. Mfumo jumuishi huzionyesha siku ileile, lakini hauwezi kuamua ni za nani: mkulima aliyeleta korosho mbichi, karani aliyesoma mizani vibaya, au msafirishaji. Iwapo mkutano mkuu wa chama haujaweka kanuni mapema, programu itafuata kanuni ya aliyeitengeneza, na mwanachama ataiona kwa mara ya kwanza kwenye malipo yake.

Aidha, kompyuta haimtambui mwenye shamba. Hutambua jina lililoandikwa. Mnunuzi wa kangomba, anayenunua korosho kwa bei ya chini kwa mkulima mwenye dhiki ya fedha, akiziuza chamani kwa jina la mtu mwingine, huandikwa kama mkulima halali. Novemba 2018 Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo yakatanguliwa na uhakiki wa wakulima na mashamba yao. Kwa aliyekuwa akisubiri fedha za ada, uhakiki huo ulikuwa mrefu mno. Daftari la wakulima likihakikiwa kabla ya msimu, kazi hiyo haihitaji kufanywa fedha zikiwa zinangojwa.

Kosa dogo nalo lina uzito wake. Jina lililoandikwa tofauti na lilivyo benki hurudisha malipo, na kwa kuwa taarifa ni moja, kosa la karani hufika kote kabla halijagunduliwa. Ndiyo maana inafaa vyama viendeshe daftari na mfumo sambamba kwa msimu mmoja mzima, vikilinganisha hesabu kila jioni, ingawa kazi huongezeka maradufu na karani hulalamika kwa haki. Makarani wengi, isitoshe, huajiriwa kwa msimu tu. Msimu unapokwisha, chama kinapaswa kujua nywila iko mikononi mwa nani.