Gemu Inayokuangalia Ukicheza: Je, Yaijua Chakacha?

Wengi wetu tukisikia neno gemu hufikiria mtu aliyekaa kitako, macho kayakodoa kwenye skrini, na kidole gumba ndicho kifanyacho kazi yote. Kumbe ziko gemu za namna nyingine, ambazo hukutaka usimame, uruke, ugeuke, nayo mashine yakuangalia na kukupa alama kama msahihishaji wa mtihani. Katika makala hii nitaeleza mashine hizo zinajuaje kwamba umecheza, kisha niulize swali ambalo limenikaa kichwani tangu likizo ya Agosti: ngoma zetu za Lamu zaweza kuingia humo?

Gemu hizi nilizikuta Mombasa nyumbani kwa khala yangu. Binamu yangu ana Wii kuukuu aliyoinunua mtumba. Wii ilitolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 2006, na ziliuzwa zaidi ya milioni 100 kabla haijaachwa kutengenezwa. Kabla yake gemu za kucheza dansi zilikuwapo. Mwaka 1998 kampuni ya Konami, nayo ya Japani, ilitoa Dance Dance Revolution, ambayo mchezaji hukanyaga mishale minne iliyo chini ya miguu yake. Mwaka 2001 Namco wakatoa Taiko no Tatsujin, ya kupiga ngoma kwa vijiti viwili. Lakini hizo lazima ukanyage kitu au upige kitu. Wii ilisema: wewe punga mkono tu, mengine niachie.

Inajuaje? Ndani ya ile rimoti mna kifaa kidogo kuliko ukucha, kiitwacho akselerometa. Humo mna kipande kidogo mno cha silikoni kilichoshikiliwa na springi. Ukitaka kukielewa, kumbuka boti ya Mokowe. Inapochomoka gatini kwa ghafla, abiria wote huyumba nyuma. Inapopunguza mwendo, huyumba mbele. Kile kipande nacho ni abiria. Mkono ukienda, chenyewe hubaki nyuma kidogo, na kule kubaki nyuma hupimwa kwa umeme kukawa nambari. Mashine huzilinganisha nambari zako na zile inazozitarajia kwa hatua ile ya wimbo. Zikikaribiana, unapata alama.

Gemu tuliyocheza sana ni Just Dance ya kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa, iliyotoka mwaka 2009. Mtu anacheza kwenye televisheni, nawe unamwiga kama unajitazama kiooni. Wallahi jasho lilinitoka chapachapa! Siku ya pili binamu yangu akanionyesha siri yake. Alikaa kwenye kochi, miguu juu ya meza, akapunga mkono wa kulia peke yake, na alama zikaja vilevile. Rimoti iko mkononi, basi yaujua mkono tu. Miguu ikilala usingizi haina habari.

Sasa tuje kwetu. Chakacha ni ngoma ya kiuno. Leso hufungwa nyongani, mabega yakatulia, na kiuno ndicho kinachosema (walimu mniwie radhi, naeleza sayansi). Mchezaji hodari wa chakacha akishika rimoti ya Wii ataambulia sifuri, na yule wa kwenye kochi atamshinda! Hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka ile mashine, hata kama nilikuwa naipenda.

Iko mashine iliyojaribu kuuona mwili mzima. Ni Kinect ya kampuni ya Microsoft ya Marekani, iliyotoka Novemba 2010. Ndani ya siku 60 za mwanzo ziliuzwa milioni 8. Yenyewe hushiki chochote. Kinect ya kwanza ilirusha vitone vingi vya mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho yetu, halafu kamera yake ikasoma vile vitone vimeangukaje juu ya mwili. Kwa hivyo ilijua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali, ikakisia mahali pa viungo 20: kichwa, mabega, viwiko, nyonga, magoti na kadhalika. Nyonga imo! Lakini Kinect iliachwa kutengenezwa mwaka 2017. Siku hizi kazi ya namna hiyo yafanywa hata na kamera ya simu ya kawaida ikiwa na programu inayofaa.

Niliporudi Wiyoni nilimweleza bibi yangu mambo haya. Yeye ni katika wanawake wanaojua kupiga vugo, ile ngoma ya harusi ambayo pembe hupigwa kwa kijiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mpiga ngoma yuwapi, mwanangu?" Nikamwambia hayuko, wimbo ulirekodiwa zamani. Akasema, "Basi yamfuata nani ngoma hiyo?"

Nilicheka, lakini swali lake ni kubwa. Katika ngoma zetu mpigaji humtazama mchezaji. Mchezaji akipamba moto, mpigaji huongeza. Bibi harusi akiingia, mambo hubadilika pale pale. Katika Just Dance hata ucheze kama umepagawa, wimbo hautakungoja wala hautakukimbilia. Wewe ndiwe mtumwa wake. Na si kwamba haiwezekani. Kiasi cha mwaka 1920 Mrusi Leon Theremin alibuni ala inayopigwa bila kuguswa: mkono mmoja ukisogea karibu na waya sauti hupanda, mkono wa pili hupunguza au huongeza nguvu. Hapo mwili ndio uongozao muziki. Nintendo nao walijaribu mwaka 2008 kwa Wii Music, yenye ala zaidi ya 60 za kupigwa kwa kupunga rimoti. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia iliyofaa kufuatwa, lakini watu wanapenda alama na kushindana.

Kuna jambo jingine ambalo watengenezaji wa gemu huenda hawalijui. Chakacha na vugo huchezwa ndani, wanawake peke yao, na kwenye harusi nyingi za huku simu hukatazwa kabisa. Picha moja ikitoka nje ya ule ukumbi ni ugomvi wa koo mbili. Sasa nani atakubali kuwekewa kamera ya Kinect ukumbini? Hapo ndipo ile akselerometa niliyoidharau ikapanda bei machoni pangu. Yenyewe haina jicho. Yajua mwendo, haijui sura.

Tukalijaribu jambo hili. Mwalimu wetu wa fizikia, naye ni mwanamke, ana programu ya bure kwenye simu yake iitwayo phyphox, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani. Huonyesha nambari za akselerometa kama mstari. Jumamosi moja nyumbani kwetu tulimfunga dada yangu simu hiyo kiunoni kwa leso, kamera tumeiziba kwa gundi ya karatasi, bibi akapiga pembe. Lo! Mstari ukapanda na kushuka kama mawimbi ya Shela, sawasawa na mapigo. Dada alipochoka mawimbi yakawa mafupi, lakini nafasi kati ya wimbi na wimbi haikubadilika. Hakuna uso, hakuna nguo, mstari mtupu. Bibi aliutazama muda mrefu akauliza kama wa kwake yeye pia waweza kuandikwa.

Ngoma za wanaume ni rahisi zaidi kwa kamera kwa kuwa huchezwa hadharani wakati wa Maulidi. Tatizo la goma ni kanzu: magoti hayaonekani, na mashine hukisia vibaya nguo ikiwa pana. Kirumbizi nacho kina fimbo na mpinzani. Mashine yaweza kuhesabu mapigo, lakini hila ya kumdanganya mwenzako kwa jicho sijui itaipa alama ngapi.

Kwa hivyo chama chetu kimepanga jaribio jingine likizo ijayo: simu mbili zianzishwe pamoja, moja kwenye kifundo cha mkono wa bibi anapopiga pembe, nyingine kiunoni mwa mchezaji. Mistari miwili tukiiweka sambamba tutaona nani anamfuata nani, na bibi ameshasema jibu lake ila hataki niliandike hapa kabla ya jaribio. Simu ya pili hatujaipata. Mwalimu yeyote wa kike mwenye roho safi ajue kwamba tunamtafuta.