Papa wa Chula: pua hujua kabla ya mizani

Mchuuzi anayeijua kazi yake hanunui papa mkavu kwa macho. Huchukua kipande kimoja kutoka katikati ya gunia, akakivunja pale penye unene karibu na gegedu, akanusa mpasuko, kisha akachana uzi mmoja wa nyama na kuutafuna polepole. Mizani huja baadaye. Kwa wanaonunua mzigo unaotoka visiwa vya Wabajuni, kati ya Kismayo na Ras Kiamboni, hapo ndipo faida hutengana na hasara, kwa sababu papa aliye katika ubora wake na papa aliyepita siku zake wanaweza kuwa na rangi ileile na uzito uleule, tena ndani ya gunia moja.

Chula ni mojawapo ya visiwa hivyo. Wenyeji wake ni Wabajuni, wasemaji wa Kibajuni, lahaja ya Kiswahili ya upande wa kaskazini, na jamaa zao wametapakaa Kiunga, Faza, Kizingitini, Lamu na Mombasa. Wengi walivuka baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991. Bahari ndiyo shamba lao. Papa mkavu, magamba ya kasa na boriti za mikoko vilikuwa vikiteremka kusini kwa majahazi hadi Mombasa na Zanzibar zamani sana, kabla mtu yeyote hajatamka maneno “soko la pamoja”.

Biashara hiyo iliendeshwa na upepo, na upepo ndio uliompa papa ladha. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta hewa kavu na bahari inayovulika. Ni upepo huohuo uliokuwa ukisukuma majahazi kuelekea Lamu na Mombasa. Kwa hiyo samaki alikauka na kusafiri katika msimu mmoja, bila kukaa sana ghalani. Kusi ikiingia, mawimbi hukua, vyombo vidogo hupandishwa pwani, na mzigo uliochelewa hukaa.

Kumtengeneza papa ni kazi ya haraka katika saa za mwanzo na ya subira baada ya hapo. Akitolewa kwenye jarife au ndoana hupasuliwa na matumbo hutupwa. Ini huwekwa kando, maana ndilo linalotoa sifa, yale mafuta mazito ya kupaka mbao za vyombo. Nyama hukatwa mapande marefu, huchanjwa ili chumvi iingie, huoshwa kwa maji ya bahari na kuzikwa katika chumvi ya mawe. Hapo hulala siku kadhaa, yakipangwa moja juu ya jingine ili maji yajikamue yenyewe, ndipo yakapelekwa juani. Anayeruka hatua ya kulaza ili awahi soko hupata papa mkavu nje na mbichi ndani. Huyo hajazeeka bado, ila ameanza kuharibika akiwa mchanga, na hakuna mnunuzi wa Marikiti anayemsamehe aliyemuuzia.

Papa ana jambo ambalo samaki wengine wengi hawana. Damu na nyama yake zimejaa urea, kitu kilekile kinachopatikana katika mkojo, kiasi cha karibu asilimia 2 ya uzito wa nyama. Ndiyo inayomwezesha kuishi katika maji ya chumvi bila kukauka mwili. Akifa, vijidudu huigeuza urea kuwa amonia. Chumvi hupunguza kasi ya vijidudu hivyo lakini haimalizi kazi yao yote. Papa mkavu, kwa hiyo, hubadilika kila wiki, hata akiwa amefungwa vizuri na kuwekwa mahali pakavu.

Wiki za kwanza chumvi hutawala. Ulimi haupati kingine, na nyama ina ugumu wa kamba mpya. Baadaye, kama ghala ni kavu, chumvi hutulia ndani ya nyama na protini huanza kuvunjika taratibu. Hapo ndipo papa anapopata ladha ile nzito inayofanya kipande kidogo kitoshe chungu kizima cha nazi. Rangi hutoka weupe wa karatasi kwenda umanjano wa pembe ya ndovu. Nyama huchanika nyuzi nyuzi bila kuwa unga. Harufu ni kali, jirani ataisikia, lakini ni kali iliyo safi: hufika puani na kuishia hapo. Hiki ndicho kilele chake, na ndicho ambacho wapishi wa Lamu na Unguja hulipia wanapochagua papa wa mchuzi.

Kilele hakidumu. Dalili ya kwanza ya kupita haiko mdomoni, iko machoni. Ukivunja kipande na macho yakakuwasha kidogo, amonia imeanza kushika usukani. Mdomoni ladha hufupika: chumvi huja, halafu badala ya utamu hufuata kitu kama sabuni, na mwishoni uchungu unaobaki kwenye mizizi ya ulimi hata baada ya kunywa maji. Nyama nayo hubadilika. Zile nyuzi huanza kukatika, kisha kuwa unga mkavu unaoshikamana na meno. Aliyefika hapo bado anaweza kulika akirowekwa usiku kucha na kubadilishiwa maji mara mbili tatu, lakini kinachotoka na maji si ukali peke yake. Ule utamu aliolipiwa nao hutoka.

Wapishi wa pwani wana dawa, na dawa yao ina akili. Amonia ni ya jamii ya magadi, tindikali huituliza. Ndiyo maana mchuzi wa papa huwekwa ukwaju, ndimu au embe bichi. Wanunuzi wengine hukosea hapa. Papa anayependeza katika mchuzi wenye ukwaju mwingi amefichwa na ukwaju. Kumjaribu ni kumtumbukiza peke yake katika maji ya moto na kunusa mvuke.

Nguru na jodari wana mkondo mwingine. Papa huweka mafuta yake karibu yote kwenye ini, nyama yake ni kavu, hivyo haichachi kwa mafuta. Nguru ana mafuta ndani ya nyama, hasa tumboni, na akizeeka hugeuka rangi ya kutu pembeni na kutoa ladha inayokaribia rangi ya kupaka nyumba. Ubaya mkubwa zaidi hauna ladha. Samaki wa jamii ya nguru na jodari wakikaa kwenye joto kabla ya kutiwa chumvi hutengeneza histamini, inayomfanya mlaji awe mwekundu usoni, aumwe kichwa na moyo umwende mbio. Kupika hakuiondoi. Mfanyabiashara anayenunua nguru mkavu anapaswa kuuliza zaidi kuhusu saa sita za kwanza kuliko miezi sita iliyofuata.

Wazo kwamba kitu huzeeka, hufika kilele, kisha hushuka, si la papa peke yake. Huko Iceland watu huoza papa wa maji baridi kwa makusudi, humtundika miezi kadhaa katika vibanda vyenye upepo, na kumla akinuka amonia kama choo cha stendi. Kwao huo ndio utamu. Ufaransa wana shampeni, mvinyo wa mapovu, ambao si kinywaji cha Chula, lakini wanaoufanyia biashara wana macho yaleyale ya mchuuzi wa papa. Mchanga, hunukia matunda mabichi na ndimu. Ukizeeka vizuri mapovu hupungua, rangi hukaribia asali, na harufu huwa ya mkate uliochomwa, karanga na uyoga. Ukipita kilele mapovu hufa, na kinachobaki hunukia tofaa lililopondeka na kuelekea siki. Mwaka 2010 wapiga mbizi walikuta chupa 168 katika meli iliyozama karibu na visiwa vya Åland, Finland, zikiwa zimekaa chini ya bahari miaka kama 170. Waonjaji walisema harufu ya kwanza ilikuwa ya mnyama na jibini. Baada ya kupata hewa ikaja ya moshi na ngozi. Chupa moja iliuzwa mnadani mwaka 2011 kwa euro 30,000.

Papa hana mnada wa namna hiyo. Chupa ile ilinunuliwa kwa ajili ya hadithi yake, na mnunuzi huenda asiifungue kamwe. Papa hununuliwa aliwe Ijumaa. Kila wiki anayopitiliza kilele humshusha daraja, na daraja hilo hulipwa na yule aliyekuwa na mzigo mkononi wakati wa kuchelewa.

Adui wa kwanza wa mzigo unaosubiri ni unyevu. Chumvi huvuta maji hewani pindi unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75, na pwani ya Lamu na Mombasa hupita kiwango hicho kwa urahisi wakati wa masika. Papa aliyekuwa mkavu kama ubao Februari hujikuta anatoka jasho Aprili. Jasho hilo huamsha vijidudu vinavyopenda chumvi, ambavyo mara nyingi viliingia pamoja na chumvi yenyewe kutoka mashamba ya chumvi ya jua. Nyama hupata wekundu wa waridi na utelezi. Wengine huusugua wekundu kwa brashi na maji ya chumvi, wakaanika tena na kuuza. Ukikutwa juu tu, mzigo huokoka. Ukiingia ndani nyama hulegea, na hakuna brashi itakayoufikia. Madoa ya kahawia kama vumbi ni ukungu. Huharibu sura kabla ya ladha, lakini mnunuzi hushusha bei palepale. Wadudu nao huacha vitundu na unga chini ya gunia, na gunia likitikiswa likadondosha unga mwingi, uzito wake ni wa uongo. Kumpulizia papa dawa ya wadudu ya nyumbani ili kuwafukuza ni kumtia sumu mlaji, hata kama gunia litaonekana safi.

Adui wa pili ni mpaka. Mei 2023 Kenya na Somalia zilitangaza kufungua tena kwa awamu vituo vitatu, kimojawapo kikiwa Kiunga na Ras Kiamboni, mlango wa jirani kabisa na Wabajuni. Julai mwaka huohuo, baada ya mashambulizi upande wa Kenya, Nairobi iliahirisha. Tarehe 24 Novemba 2023, mkutano wa wakuu wa nchi mjini Arusha ulikubali Somalia iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Machi 2024 uanachama ukakamilika. Kuingia Jumuiya ni jambo moja; forodha ya Kiunga kupokea gunia la papa ni jingine. Kwa mwenye duka la saruji ucheleweshaji ni usumbufu. Kwa mwenye papa ni ladha inayoondoka, na hakuna fomu ya kuidai.

Jumuiya ina utaratibu rahisi wa biashara ndogo: mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000, uliotoka nchi mwanachama na ulio kwenye orodha iliyokubaliwa, unaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa mpakani. Ni njia inayofaa wachuuzi wa samaki, kwa sababu mizigo midogo inayosafiri mara kwa mara hufika ikiwa kwenye kilele, wakati shehena kubwa inayongoja ijae hupoteza wiki ambazo papa hana.

Kwa papa hasa, kuna karatasi nyingine ambayo wengi hukutana nayo wakiwa wamechelewa. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, CITES, uliwaweka papa nyundo chini ya udhibiti tangu 2014. Kisha familia nzima ya papa wanaovuliwa sana katika pwani za joto ikaongezwa, na sharti hilo likaanza kutumika tarehe 25 Novemba 2023, siku moja baada ya Somalia kukubaliwa Arusha. Kuanzia siku hiyo nyama yao ikivuka mpaka, mkavu au mbichi, inahitaji kibali cha nchi inakotoka. Haikukatazwa, imewekewa kibali, na Kenya, Tanzania na Somalia zote ni wanachama wa mkataba.

Ugumu uko kwenye kisu. Aina ya papa hutambulika kwa kichwa, meno na mapezi, na hivyo vyote huondolewa ufukweni kabla chumvi haijaguswa. Ukifika mpakani na mapande yaliyokauka, afisa hana njia rahisi ya kujua kama ni papa anayehitaji kibali au la, wala mchuuzi hana cha kumwonyesha. Aina ya papa, mahali alipovuliwa na tarehe ya kutiwa chumvi huandikwa siku ileile anapopasuliwa, na karatasi hiyo husafiri na gunia. Tarehe hiyo hiyo humfaa pia mnunuzi wa Mombasa, maana humwambia ni wiki ngapi zimepita kabla hajakivunja kipande na kukinusa.