Theluji ya Kilimanjaro Mahakamani (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia pale Al Gore, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alipougeuza mhadhara wake wa slaidi kuwa filamu. An Inconvenient Truth, iliyoongozwa na Davis Guggenheim, ilitoka mwaka 2006, na mwaka uliofuata ikanyakua Oscar ya filamu bora ya makala. Leo twende mahakamani, maana huko ndiko mlima wetu ulikopelekwa bila wenyewe kuulizwa.

Serikali ya Uingereza ilikuwa imeamua kuisambaza filamu hiyo katika shule za sekondari. Mjumbe mmoja wa bodi ya shule huko Kent akapinga, akidai kwamba hiyo ni siasa inayopenyezwa darasani. Tarehe 10 Oktoba 2007 Jaji Michael Burton wa Mahakama Kuu, London, akaamua kuwa hoja kuu za filamu zimesimama juu ya sayansi na wanafunzi waioneshwe, ila walimu wapewe mwongozo, kwa kuwa yamo mambo 9 ambayo msimulizi amekwenda mbele ya ushahidi. Mojawapo lilikuwa theluji ya Kilimanjaro. Siku mbili baadaye Gore akatangazwa mshindi wa Nobel ya Amani, pamoja na jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa linaloshughulikia tabianchi. Kila upande ukapata cha kutambia.

Filamu ilisema nini hasa? Ilionesha Kibo ya zamani yenye kofia nyeupe, kisha Kibo ya karibuni iliyobakiwa na viraka, na Gore akasema kwamba ndani ya muongo mmoja theluji ile itakuwa imekwisha.

Kupungua kwenyewe hakuna anayekubishia. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilomita za mraba kama 12. Lonnie Thompson, mtaalamu wa Marekani aliyepanda na mitambo ya kutoboa barafu mwaka 2000, aliandika baadaye na wenzake kwamba hadi 2007 asilimia 85 ya eneo hilo ilikuwa imetoweka. Mabishano yako kwenye chanzo. Kule juu, mita 5,895, hewa huwa chini ya nyuzi sifuri karibu wakati wote, kwa hiyo joto la hewa peke yake haliyeyushi barafu kama tunavyodhani sisi tulio huku bondeni. Wataalamu kama Georg Kaser na Philip Mote walieleza kwamba hewa ya eneo hili ilianza kukauka tangu mwishoni mwa karne ya 19. Theluji mpya ikawa haba, na barafu isiyofunikwa na theluji mpya huwa na rangi iliyofifia, hivyo hunywa jua zaidi. Halafu hugeuka mvuke moja kwa moja, bila kupitia hatua ya maji. Ukiacha barafu wazi kwa wiki kadhaa ndani ya friji zile zisizojenga ukungu wa barafu, utaikuta imekonda, na chini hakuna hata tone.

Je, ukavu huo nao hautokani na dunia kupata joto, na bahari kubadilika? Huenda kwa sehemu, na utafiti haujafunga mlango huo. Lakini hiyo ni hoja yenye mikunjo, na filamu ilitaka mstari ulionyooka. Mwaka 2016 ukafika, wapandaji wakaendelea kupiga picha za tabasamu pembeni ya kuta za barafu, na wasioamini habari za tabianchi wakapata kicheko cha bure. Picha ilikuwa ya kweli. Kilichoiponza ni tarehe.

Ndiyo maana mimi huziamini zaidi filamu zilizotengenezwa kwa kusubiri. Chasing Ice ya mwaka 2012 ni mfano: James Balog alifunga kamera kwenye miamba ya Greenland, Iceland na Alaska, zikapiga picha mahali palepale kwa miaka. Hakuna haja ya kutabiri pale mtazamaji anapoona mto wa barafu ukirudi nyuma mbele ya macho yake.

Karibu na kwetu kuna Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo, Kitui. Julia Dahr, mtengenezaji filamu kutoka Norway, alimwachia kamera, naye akajirekodi kwa miaka: shamba likingoja mvua, familia, mikutano ya wakulima kuhusu kupanda miti. Kisha mvua ikaja kama dhoruba, ikaipiga nyumba yake, na aliyeshika kamera ni mwenye nyumba. Filamu yao, Thank You for the Rain, ilitoka mwaka 2017. Inamfuata hadi Paris, Desemba 2015, kwenye mkutano wa tabianchi, na haifichi kwamba alirudi kavunjika moyo. Mwanaharakati mwingine angeikata sehemu hiyo. Wao wameiacha, nami kwa hilo nawapa tano.

Msomaji wangu mwenye simu, sikuombi utengeneze filamu. Chagua mahali pamoja unapopita kila siku: ukingo wa mto, ufukwe unaoliwa, kisima cha mtaa. Simama palepale, tarehe ileile kila mwaka, na ndani ya picha kiwemo kitu kisichohama, kama nguzo ya umeme au jiwe kubwa. Andika tarehe na mahali. Ukipata nafasi ya kuzionesha kwenye kibanda umiza kabla ya mpira kuanza, zioneshe, ueleze ulichokiona, na usimtajie mtu mwaka ambao kisima kitakauka.

Wiki ijayo, tukijaliwa, nitaeleza namna ya kuzitunza picha hizo zisipotee siku simu itakapoibiwa.